Kitabu Nilichomsomea Mama, Filamu Uliyonitumia

Kibomet, Kitale
11 Julai 2006

Mpendwa Mama Nakhungu,

Pokea salamu zangu kutoka hapa nyumbani. Mimi ni mzima, ila miguu huvimba jioni na kichwa kimezoea kuuma tangu mvua ianze, kwa hivyo sitakudanganya kwamba niko fiti. Shemeji Wakoli hajambo? Nakhungu ameacha kunyonya kidole, ama bado mnampaka pilipili? Na Wakonyo mdogo, nasikia anasimama kwa kushika viti. Huku mahindi yamenipita kimo, na yule ng'ombe mweupe amezaa, lakini ni ndume. Maziwa tunayo, furaha ni kidogo. Jepkoech wa saluni anakusalimu, anauliza nywele zako ni nani huwa anakuharibia huko Bungoma.

Barua yako niliipata, pamoja na ile filamu uliyoifunga kwa gazeti. Uliniomba mambo mawili: niitazame, halafu nijitayarishe kusimama mbele ya watu tarehe kumi na mbili Agosti, siku ya ukumbusho wa Mama, ili ueleze kanisa jinsi nilivyomtunza na univike blanketi ya heshima. Mzee Kagwe ameshakuja hapa kuniambia kwamba ameliweka jambo hilo kwenye ratiba, baada ya nyimbo na kabla ya mahubiri. Alikuwa amefurahi sana. Nilimpa chai nikamsindikiza. Ningeweza kukupigia simu, lakini kwenye simu mimi hukubali kila kitu halafu nakata, ndiyo maana naandika.

Filamu nimeiona. Nilienda saluni Jumatano mchana wakati wateja ni wachache, tukaiweka kwenye mashine ya Jepkoech. Stima ilipotea mara mbili, kwa hivyo tulianza saa saba tukamaliza karibu saa kumi na moja. Kulikuwa na mama mmoja wa Endebess aliyekuja kusukwa. Alikaa na nusu ya kichwa imesukwa na nusu iko wazi mpaka mwisho, akakataa kuguswa. Kila mara alikuwa anauliza, ati huyo msichana kwani hana shangazi wa kumsaidia? Jepkoech alilia mpaka akatumia taulo ya wateja. Aliponiona nimekauka macho alisema, "Lorraine bana, wewe una moyo wa mawe, si hiyo ni maisha yako wameonyesha?" Na wewe ndivyo ulivyoandika. Kwamba uliitazama na shemeji sebuleni kwenu, na ilipofika pale yule msichana, Odra, anapoweka mkono kwenye kioo, ukamwambia Wakoli, "Huyo ni dada yangu."

Kuna kitu hujui. Kitabu kilichotengenezewa filamu hiyo ninacho. Nilikinunua kwa wale wanaopanga vitabu vya mitumba chini karibu na soko, mwaka ule miguu ya Mama ilipokataa. Hakina jalada, hata jina la mwandishi lilienda na hilo jalada. Nilikuwa namsomea Mama kila alasiri, nikimgeuzia kwa Kikuyu mstari kwa mstari, kwa sababu Biblia tulikuwa tumeimaliza na redio ilikuwa inamchosha. Usicheke. Mama yetu, ambaye hakuwahi kupanda hata gari moshi, alikijua kile chombo cha angani chumba kwa chumba. Aliuliza wanapikia nini huko, na kama ng'ombe waliachwa na nani. Aliposikia watu wanalala miaka mingi ndani ya masanduku ya kioo, alisema mwandishi huyo hajawahi kulala kitandani hata mwezi mmoja, maana angewaandikia vidonda vya mgongo.

Sasa nikulinganishie. Mwanzo ni mmoja. Kote, watu kumi na wawili wanapeleka mbegu kwenye dunia nyingine, safari ya miaka mia moja na ishirini, na kila mmoja anaamka zamu yake ya miaka kumi kuangalia mitambo huku wengine wamelala. Kote, mzee wa bustani aliamshwa mapema kwa sababu miche ilikuwa inakufa, naye akawa mgonjwa katika zamu ya binti yake mkubwa, Odra. Mdogo wake, Mirel, amelala. Sheria ya chombo inasema mtu akikaribia kufa, watoto wake waamshwe. Kuna swichi ya kufanya hivyo, na Odra hakuibonyeza.

Baada ya hapo filamu inashika njia yake. Kwanza wameongeza vita. Sijui wale wezi wa mbegu walitoka wapi, kwa sababu kitabuni hakuna mtu wa kupigana naye, kuna kazi tu, kurasa kwa kurasa: kumwagilia, kupangusa, kumgeuza mzee, kufua shuka. Ukisoma unachoka wewe mwenyewe. Halafu mwishoni, wanapofika, filamu inaonyesha mahindi yakiota mpaka yanatoa ndevu kabla watu hawajamaliza kukumbatiana. Mtu wa Trans-Nzoia hadanganywi hivyo. Kitabuni nusu ya mbegu zilikuwa zimeoza, na wakashukuru kwa hiyo nusu.

Hayo ningeyasamehe. Filamu ni ya kuvutia macho, lazima watu wapigane kidogo. Lakini lile la swichi wameligeuza kabisa. Wewe uliona kwamba Mirel ana moyo mbovu, kwamba ile mashine ya udaktari inamwonya Odra kuwa akimwamsha kabla ya wakati atakufa, na kwamba baba yao mwenyewe anamkataza kwa sauti ile ya chini. Kwa hivyo Odra anabeba yote peke yake kwa upendo. Mirel akiamka anamkuta dada yake ana mvi, anamkumbatia, anamshukuru, muziki unapanda. Hapo ndipo Jepkoech alipochukua taulo.

Kitabuni Mirel hana ugonjwa wowote. Moyo wake ni mzima kama wa ndama. Mzee hakumkataza mtu, tena aliuliza mara kwa mara kama Mirel ameamka. Odra alikuwa anatembea mpaka kwenye swichi kila asubuhi, anasimama hapo, halafu anakumbuka kuna miche haijamwagiliwa. Mwandishi anatuzungusha hivyo kurasa arobaini bila kueleza, mpaka unataka kuingia umbonyezee. Kisha anasema mara moja tu, kwa maneno machache, kwamba Odra alitaka kuwa mtoto wa pekee kwa siku zilizobaki. Mirel alipoamka, Odra alimwambia ni baba aliyekataza. Mirel akaamini, na kitabu kinaisha Odra akiwa bado hajasema.

Sura hiyo nilimsomea Mama mwezi wa Julai mwaka jana, wiki ile ile uliyojifungua. Nilipomaliza, aliniomba nirudie pale kwenye swichi. Nikarudia. Koo lilikuwa limeshambana, anaongea kama mtu anayenong'ona. Hakunilaumu kwa lolote. Aliniuliza tu kama wewe, Mary Ann wake, umeweza kuamka kitandani.

Mary Ann, baada ya mazishi ulinishika mikono ukaniuliza kwa nini sikukuita. Nilikwambia Mama alikataza. Nilisema alihofia mshono wako, kwamba umetoka kupasuliwa na safari ingekuumiza. Niliwaambia hivyo pia watu wa kanisa na shemeji Wakoli, na wote walitikisa kichwa wakasema huyo ndiye mama. Sikuwa nimepanga kusema hivyo. Nadhani nilishazoea kusimulia hadithi, na hiyo ilikuwa karibu.

Mama hakukataza. Alikuita. Alipopata habari kwamba umezaa msichana wa pili na kwamba shemeji amekubali aitwe Wakonyo, jina la Mama mwenyewe, alinishikilia kwa kidole kimoja na kusema nikulete wewe na huyo mtoto, aje amwone. Alisema tena baada ya juma moja. Kila Jumapili ulipopiga simu nilikwambia amelala, naye alikuwa macho, ananitazama, anauliza ni nani. Nilimwambia ni watu wa dawa ya ng'ombe. Bungoma si mbali. Shemeji angekuleta na gari la kazini kwao asubuhi na kukurudisha mchana, na daktari wako alikuwa amekuruhusu kusafiri, uliniambia wewe mwenyewe.

Utauliza kwa nini. Nimejiuliza mwaka mzima na jibu langu ni dogo, linanitia aibu. Nilikuwa nimechoka. Miaka mitano nilikuwa nimemwogesha, nimemlisha, nimemgeuza. Niliacha kazi ya kufundisha chekechea Endebess, na Kiragu alinisubiri mpaka akaoa mwingine, na simlaumu. Lakini ulipokuja wewe mara moja kwa miezi mitatu, Mama alitaka kitambaa kipya cha kichwa. Alitaka kuku achinjwe. Alikuwa anakaa wima tangu asubuhi, yule ambaye kwangu alisema mgongo hauwezi. Siku zangu mimi hazikuwa na kitambaa kipya. Nilikuonea wivu, mdogo wangu, wivu wa mtoto mdogo, na nina miaka thelathini na tisa. Nilitaka mwisho wake uwe wangu peke yangu, kwa sababu niliona nimeufanyia kazi.

Jambo la mwisho ndilo zito, na nimezunguka kurasa nne nikilikwepa. Ijumaa ile kabla ya Jumapili aliyotuacha, saa nne asubuhi, Mama aliniambia nilete mikono. Alinitemea mate kidogo kwenye viganja vyote viwili, kama wazee wanavyobariki mtoto. Ilimchukua muda, maana kinywa kilikuwa kikavu. Akasema kwa kuwa mtoto haletwi, basi mimi niende Bungoma sasa hivi, nisishike kitu kingine, nimpake Wakonyo mdogo kwenye paji la uso na kumwambia ni kutoka kwa mwenye jina. Jepkoech alikuwa ameshaniambia atakaa naye siku yoyote. Hakukuwa na kilichonizuia.

Nilienda jikoni, Mary Ann. Nilimimina maji kwenye beseni nikanawa kwa sabuni, nikaanza kukata sukuma wiki.

Mama alilala. Alipoamka jioni mawazo yake yalikuwa yamechanganyika, akaniuliza kama nimerudi. Nilimwambia nimerudi. Akauliza mtoto alifanya nini nilipompaka. Nilimwambia alicheka. Alifurahi sana. Miaka yote mitano sikuwahi kumwona amefurahi kwa jambo nililofanya mimi kama alivyofurahi kwa hilo ambalo sikulifanya. Hakusema tena maneno mengi baada ya hapo, na mwanao hakupata alichotumiwa.

Sikuandikii haya kwa sababu nimekuwa mtu mwema. Ningekuwa mwema ningekwambia mwaka jana mbele ya kaburi. Ni hiyo blanketi. Nikifikiria umesimama mbele ya kanisa zima, unawasimulia ile filamu, unanivika mabegani, na mimi nimeinamisha kichwa kwa unyenyekevu, naona heri nikuandikie. Nimejaribu kujiambia nivumilie, ni dakika tano tu. Siwezi. Mwambie Mzee Kagwe aliondoe jambo hilo kwenye ratiba, umpe sababu unayotaka, hata hii yenyewe. Na ukiamua kuisema mbele ya watu wote, nitakuwa nimekaa pale mbele, sitatoka nje.

Sikuombi unisamehe upesi. Wewe huwa unasamehe upesi, na mimi nikikubali nitakuwa nimekuibia mara ya pili. Chukua muda wako. Kaa na hasira ukitaka, una haki nayo. Filamu yako nimeirudisha pamoja na barua hii, na kitabu nimekifunga humo humo. Usome sura ya kumi na tisa, ndiyo ile ya swichi. Kuna alama za penseli pembeni, hizo ni mahali Mama aliponiomba nisimame apumue.

Msalimie shemeji Wakoli sana, umwambie mahindi ya kuchoma nitamwekea kama kawaida, awe amenikasirikia au la. Mwambie Nakhungu shangazi yake anampenda. Kwa Wakonyo mdogo situmi salamu. Nimeshaona jinsi ninavyofikisha vitu vya watu, kwa hivyo mpake wewe kwenye paji la uso, umwambie ni kutoka kwa mwenye jina, na kwamba alipelekewa tangu akiwa na wiki tatu.

Ni mimi dadako,
Lorraine