Nani Kaziba Joto la Chura?

Same, Jumamosi, Julai. Upepo tangu alfajiri, vumbi hadi ndani ya sukari. Milima imejifunika ukungu, sijaiona kutwa. Roho yangu haijatulia.

Shajara, kuna watu wananizunguka. Nilianza kushuku wiki iliyopita na leo nimepata ushahidi, ila ushahidi wenyewe umenigeukia.

Nianze na gari. Kwa wasiolijua, ni lile gari dogo la michezo la Kijerumani nililonunua kwa mhandisi mmoja wa shamba la mkonge alipokuwa anarudi kwao. Injini iko nyuma, haina rejeta wala tone la maji, inapozwa kwa upepo tu. Watoto wa mtaani wanaliita Chura kwa yale macho yake, na jina limeshika. Hita yake nayo ni ya kizamani. Mabomba ya ekzosi, yanayotoa moshi wa injini, yamevalishwa koti la bati, feni inasukuma upepo ndani ya koti, upepo unapata moto wa bomba, kisha unapita kwenye mipira hadi miguuni mwetu.

Hapa Same nani anahitaji hita? Lakini mama yangu anaishi Shighatini, kule juu Ugweno, na Julai ya kule si ya kuchezea. Kifua chake kibovu. Kesho kitukuu wake wa kwanza, mtoto wa binti yangu Neema, anabatizwa hapa mjini, na mama alinipa jibu kwa simu kwamba haji. Haji kwa sababu gari langu linamtia baridi.

Mama akose ubatizo kwa sababu ya hita? Haiwezekani.

Tena hita ilikuwa inafanya kazi. Pasaka tulipanda nayo milimani tukateremka nayo, miguu inaungua. Tangu hapo inatoa pumzi ya mgonjwa. Unaweka mkono kwenye tundu, unahisi kitu vuguvugu, basi. Na gari lenyewe muda mwingi limeegeshwa uani. Kitu hakijiharibu kikiwa kimelala.

Nilianza na ule mkono wa kufungulia joto ulio katikati ya viti. Waya wake haujakatika. Vilango vya chini vinafunguka na kujifunga. Feni inavuma, mipira haina tundu. Kila kitu kizima, joto hamna.

Nikamshuku fundi Hatibu, maana ndiye pekee anayemgusa Chura. Alikuja zamani kutoka Tabora kukata mkonge, akaishia kufungua gereji nyuma ya soko. Nilipomwuliza habari za hita hakunitazama usoni. "Mzee, Same hapa watu wanalilia ubaridi, wewe unalilia joto? Achana nayo hiyo." Fundi anayekataa kazi ana lake jambo. Nikajiambia huyu amechomoa makoti yangu ya asili akayauza, akanifungia ya bandia.

Namsifu, mke wangu, naye akasema neno lilelile, achana nayo. Huyu nilikuwa nimemshuku siku nyingi. Tukienda kwa mama, kona hazijaisha kichwa kinamuuma. Pasaka alitapika kando ya barabara. Aliniambia ni moshi. Nikamjibu kuwa gari la kale lazima linuke, na moyoni nikasema hicho ni kichwa cha mtu asiyetaka kufika kwa mama mkwe.

Wanatutania Wapare kwamba tuko tayari kuuza ng'ombe ili tushinde kesi ya kuku. Mimi sikuuza kitu. Alhamisi nilikwenda tu kwa mjumbe wetu wa nyumba kumi, Mama Eliza, nikamshitaki Hatibu. Mama Eliza akauliza kimeibwa nini. Nikamwambia joto. Akasema twende kwake Jumatatu, mimi na fundi wangu.

Leo nilifunga mapema duka langu la dawa za mifugo, nikampandisha Chura kwenye jeki, nikaweka na mawe maana hata jeki siiamini. Nikajilaza chini na spana. Makoti yapo, ya asili kabisa. Nikafungua mpira mmoja pale unapokutana na koti, na hapo nikakuta kibati. Kimekatwa duara kwa mkasi, kimekaa sawasawa kwenye mdomo wa koti, klipu imekazwa juu yake. Upande wa pili kibati kingine. Haikuwa kutu wala takataka. Mtu alikaa akapima.

Nikavisugua. Kimoja kina pembe na jicho la ng'ombe, kingine kina pua. Nilipoviweka pamoja ng'ombe akakamilika, na ng'ombe huyo namjua. Anatoka kwenye kopo la maziwa ya unga ambalo Namsifu alikuwa anawekea tangawizi ya kusaga. Lilipotea jikoni muda mfupi baada ya Pasaka.

Hasira ikanipanda. Mke wangu na fundi wangu, nyuma ya mgongo wangu, ili mama yangu apigwe baridi asije!

Nilirudisha mipira bila vibati, nikamshusha Chura, nikaingia ndani, nikapandisha vioo vyote kwa ajili ya vumbi, nikawasha. Joto lilikuja, Shajara. Lilipanda hadi magotini. Nikakaa pale natunga maneno ya Jumatatu, naona kesi nimeshashinda. Kichwa kilipoanza kunigonga nikajua ni hasira.

Mlango ukafunguliwa kwa nguvu. Namsifu akanikamata ukosi. "Toka humo, Baba Neema! Toka!" Miguu ilinikatalia. Nikajikuta nimekaa mchangani natapika, kama yeye siku ile ya Pasaka.

Hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma. Alifungua kitambaa cheupe alichokuwa amejifunga kichwani, milango ikiwa wazi na injini inanguruma, akakishikilia kwenye tundu la joto. Kikatoka na duara jeusi. Bomba la ekzosi limetoboka ndani ya koti, mahali macho hayafiki, na feni ilikuwa inatuletea moshi miguuni.

"Nilikuambia, ukasema gari la kale lazima linuke. Nikaenda kwa Hatibu aizibe. Alitaka kukueleza, mimi ndiye niliyemkataza."

Jioni, kichwa kilipotulia, nilimpigia mama. Shikamoo, marahaba. Nikamwambia hita ina moshi. Akasema anajua. Namsifu alimweleza tangu Pasaka, ndiyo maana hataki tena kupanda gari hilo. Hakutaka kulisema vibaya mbele yangu, anajua ninavyolipenda, akatafuta neno la adabu. Akasema baridi.

Mama akasema baridi, nami nikaenda kumtafutia joto la kumuua.

Ningempakia kesho asubuhi. Vioo juu kwa sababu ya kifua chake, ukungu nje, kona zote zile za kuteremkia Mwanga. Angesinzia, nami ningemshukuru Mungu kwamba mama amelala vizuri.

Kwa hiyo njama ilikuwepo, Shajara. Nilishuku sawasawa. Mke, fundi na mama yangu mzazi walipanga namna ya kunizuia nisiwaue, bila kunikasirisha.

Nilimwuliza mama kwa nini hakusema moshi tangu mwanzo. "Ningekuambia, mwanangu, ungeuliza nani kaniambia."

Swali hilo lilikuwa limeshafika kwenye ulimi wangu.

Vibati nimevirudisha kwa mkono wangu, na Chura atakaa kwa Hatibu hadi bomba lipatikane. Mama atashuka na jirani yake anayeleta ndizi mjini kwa gari lake, atakaa mbele na mashuka yake ya kujifunika. Nimempigia pia Mama Eliza kufuta kesi. Amesema kesi haifutwi kwa simu, nije Jumatatu nieleze mwenyewe, Hatibu akiwepo. Nitakwenda, ingawa sijui nitaanzia wapi.

Namsifu yuko jikoni anatwanga tangawizi ya chai ya wageni. Kutoka hapa nilipokaa namwona anasimama, anashika paji la uso, kisha anaendelea. Nikienda sasa hivi kumwuliza kama kichwa kinamuuma, je, ataniambia?