Ameinua Gari, Akasahau Breki

Shoga, breki zimenikatikia na mama yuko ndani ya gari. Mama!

Si unakumbuka shemeji yako alivyojigamba kuliinua gari langu la porini kwa springi ndefu? Leo kwenye mteremko wa machimboni nakanyaga breki, mguu unazama mpaka chini! Nimelilenga tuta la mchanga ndipo tukasimama.

Nikaingia uvunguni mwenyewe. Gari kalipandisha juu, mpira wa kupitisha mafuta ya breki kauacha ule ule mfupi, umevutika mpaka umechanika!

Nikampigia. Eti, "Mke wangu, mambo ya gari huyajui." Huyajui!

Mama akaninyang'anya simu. "Mkwe, mimi nilikuwa kiti cha mbele."

Mume wangu akauliza, "Gari limeumia wapi?"

GARI, shoga!

Nguo zake ziko nje ya geti.