Ukuta wa Mzee Tao

Jumanne, 6 Juni 2006
Nimefuta ukuta tena. Siku ya tano. Mzee Tao wa chumba namba nne ameujaza tarakimu kwa penseli, kutoka kitandani hadi dirishani. Nikifuta, kabla sijasuuza kitambaa, ashaanza upya. Uji hagusi. Kiharusi kilimnyang'anya sauti, kwa hiyo hata kugombana naye ni kugombana peke yangu. Ati alikuwa mtunzi wa muziki huko China. Sawa. Mimi niliajiriwa kutunza wazee, si kusugua kuta.

Jumatano, 7 Juni
Treni ya Doonside imechelewa, nikakosa ya kuunganisha pale Blacktown. Nimeingia kazini Quakers Hill nikihema. Ukuta umejaa. Nimemnyang'anya penseli. Ameandika kwa kijiko na uji. Jamani!

Ijumaa, 9 Juni
Mizani inasema amepungua tena. Meneja ameamua: Jumanne anahamishiwa wodi ya kufungiwa. Huko hakuna penseli, hakuna dirisha la maana. Anasema akili imekwenda. Nimekasirika, na mzee mwenyewe si ndugu yangu. Lakini aliyechanganyikiwa hapangi mistari sawasawa vile. Na mbona hakuna nane? Mbona hakuna tisa? Nimenakili mstari mmoja nyuma ya tikiti ya treni.

Jumamosi, 10 Juni
Mazoezi ya kwaya. Mwalimu ameandika d, r, m ubaoni, kama tulivyofundishwa Kakamega tangu utotoni. Nimetoa ile tikiti. Moja ni do. Mbili ni re. Saba ni ti. Nukta juu ya tarakimu, sauti ya juu. Nimeimba kimoyomoyo, nywele zikanisimama.
Mjinga mimi! Wiki nzima nafuta nyimbo.

Jumapili, 11 Juni
Binti yake amekuja kutoka Melbourne. Nimemwonyesha ukuta. Amenieleza.
Baba yake alikuwa na miaka sita. Karatasi hakuna. Babu yake huyo mtoto, mwalimu wa shule ya kijijini, alimwandikia somo kwa makaa kwenye ukuta wa jikoni kila asubuhi. Mtoto akiimba bila kosa, babu anafuta ukuta, mtoto anapewa uji. Akikosea, hakuna uji. Miaka minne hivyo. Ndivyo mtunzi alivyopatikana.
Kumbe! Mimi kila nikifuta, yeye anaona ni wakati wa somo jipya, anaandika tena. Na uji anaukataa kwa sababu hawezi kuimba. Anaona hajastahili kula.
Nimemwambia binti: ungelisema hili mapema, tungelipumzika sote. Amelia. Nimejuta, kidogo.

Jumatatu, 12 Juni
Sikukuu ya kuzaliwa kwa Malkia. Wafanyakazi wachache, kazi ileile. Saa moja asubuhi nimesimama mbele ya ukuta na kuimba tarakimu badala yake.
Mzee amegonga meza. Nimekosea mstari wa pili. Nimerudia. Amegonga. Ala! Wazee kumi wanangoja chai na mimi nasahihishwa. Nimemwambia, "Mzee, nihurumie." Amegonga.
Mara ya tano hakugonga. Amechukua kitambaa mkononi mwangu akafuta ukuta mwenyewe, polepole, kwa ule mkono mmoja mzima. Akavuta bakuli la uji. Nikashukuru Mungu.
Akanisukumia mimi.
Sikuelewa. Kisha nikaelewa. Mwenye kuimba ndiye mwenye kula.
Ni marufuku kula chakula cha wazee. Nimekula kijiko kimoja mbele yake. Umepoa, hauna sukari. Nikamwambia wimbo ni wake, nikamrudishia bakuli. Amekula mpaka kijiko kikakwangua chini.
Meneja alikuwa amesimama mlangoni. Amesema habari ya kumhamisha iachwe kwanza.
Nimemrudishia mzee penseli yake. Nimeichonga.