Uvundo wa Kanzu

Jumamosi, 6 Machi 1971
Taulo tena. Imefuliwa juzi na kukauka, lakini ikigusa uso wenye maji inatoa uvundo. Nimefua upya: mashuka, taulo mbili, kanzu mbili za mume wangu Hamisi. Sabuni kipande kizima. Nimeziloweka usiku kucha kama tulivyofundishwa bwenini. Mvua haijakatika Mikindani tangu Jumatano.

Jumatatu, 8 Machi
Zimekauka barazani. Zinanuka. Sasa nanusa kila kitu, hata mikono yangu. Wifi Zuhura amepita kwenye kamba, akaziba pua kwa kanga. "Wifi, hapa hata papa aliyekauka angeomba udhuru." Nimecheka naye. Nilitaka kulia. Nimeloweka tena.

Jumatano, 10 Machi
Mama mkwe hakusema nami. Alisema na mwanawe, kwa sauti ya kunifikia jikoni: kanzu ya Ijumaa ikiwa hivi, nguo zako nitafua mimi. Leo nguo, kesho chungu. Miezi miwili ya ndoa, na nitakuwa mgeni nyumbani kwangu. Silali vizuri.

Alhamisi, 11 Machi
Nimefanya ujinga. Kanzu ilikuwa bado na ubichi, nami nikaifukiza udi. Sasa inanuka udi na uvundo pamoja, kama chumba cha mgonjwa. Hamisi aliinusa, akairudisha msumarini. Hakugomba. Afadhali angegomba.

Alasiri nilikwenda kisimani, nikamtazama mama mkwe akifua. Haloweki. Sabuni kidogo, anasuuza mara nne, anakamua, anaanika papo hapo. Nilirudi nikainusa ndoo yangu. Maji ya jana yamechacha, yana utelezi. Kumbe uvundo naufuga mwenyewe, kila usiku.

Nilirudi kumuuliza. Iliniuma kuuliza.

"Kwa joto hili, msomi wangu, ukiloweka usiku kucha hufui. Unavundika muhogo."

Wanawake wote kisimani walicheka. Kisha akaniambia, bila kunitazama: chemsha, suuza mpaka maji yawe meupe, anika penye upepo. Udi ni wa nguo kavu.

Ijumaa, 12 Machi
Nimechemsha kanzu alfajiri. Maji yametoka na povu la sabuni ya wiki nzima. Nimesuuza mara sita. Upepo ulikuwepo, jua hakuna. Iliyobaki nimemalizia kwa pasi ya mkaa, mshono kwa mshono. Nimeinusa kwapani, kolani, kwapani tena. Nguo tu. Siamini pua yangu.

Hamisi ameivaa, ametoka. Nimekaa barazani mpaka aliporudi. Amekula, amelala. Sijui kanzu imemridhisha au la.

Jumapili, 14 Machi
Jua kidogo. Taulo nazo nimezichemsha.

Asubuhi mama mkwe alipita. Aliweka shuka lake la kuswalia juu ya mkeka wangu, limekunjwa, lina doa la mafuta pembeni. Akasema atalifuata jioni, akaenda sokoni.

Nimelifua. Saa saba lilikuwa kavu.