Kazi Yangu kwenye Fomu Mbili

Nunguni, Jumanne

Lakini nilitaka binti yangu afanye nini? Kila Juni mwenye saiba, duka la kompyuta na intaneti, hutujazia ritani ya kodi, ile taarifa ya mapato kwa serikali, sisi wauzaji wote wa soko, na bila kuuliza anaandika hatuna mapato. Sijawahi kulalamika.

Leo binti yangu Mwende amejaza fomu ya mkopo wa chuo na kuandika ukweli, kwamba mama yake huuza avokado. Kisha fomu ikataka ritani yangu, ile inayosema sina mapato.

Nikirekebisha ritani, sijui kama watu wa kodi watanipiga faini. Nikimwambia arekebishe fomu, nitakuwa nimemfundisha kudanganya, na mimi ni mwalimu wa Sunday school…

“Mama, sasa tuseme uko na kazi ama huna?”

Nimesimama sokoni tangu alfajiri, miguu imevimba.