Anayeita Hazikwi

Ngokolo, Shinyanga
6 Machi 1983

Mdogo wangu Mektilda, mama wa Athanas,

Natumaini barua hii inakukuta na nguvu za kushika jembe, maana nasikia mvua za huko kwenu hazikukatika. Huku mtama umesimama magotini na mbingu imekauka. Mimi ni mzima, isipokuwa goti la kushoto, na miwani nimeifunga kwa uzi. Mama anaendeleaje? Macho yake yamekuwaje tangu Noeli? Msalimie bila kumwambia salamu zimetoka kwa nani, kama tulivyozoea.

Bujiku, dereva wa lori la pamba, atakupa bahasha yenye kanda. Usinicheke. Nimerekodi wimbo. Unaikumbuka ile santuri ya msimamizi wa mgodi, ya Mmarekani mweusi aliyepiga gitaa kana kwamba analibembeleza lisimwache? Karatasi ya katikati ilikuwa imebanduka, kwa hiyo hatukuwahi kujua jina lake. Ndugu yetu Dominiko ndiye aliyeuimba wimbo ule kwa maneno aliyoyatunga mwenyewe: "Njia imenizoea, nyumbani hawanijui." Mimi nilipiga gitaa tu, kuimba nikamwachia yeye. Tangu shimo la mgodi limchukue mwaka 1965 sikuugusa tena. Sasa nimestaafu ualimu, chumba kimekuwa kimya kuliko ninavyoweza kustahimili, nikajaribu.

Nilifunga blanketi dirishani kuzuia kelele za kuku wa mwenye nyumba, redio kaseti nikaiweka juu ya gunia la pumba, shingo ya chupa nikaivaa kidole cha mwisho niitelezeshe juu ya nyuzi. Betri hazipatikani madukani. Zangu za zamani nilizianika juani juu ya bati siku mbili, zikapata uhai kidogo. Nimerekodi mara moja tu, beti tatu, wala sijaweza kujisikiliza, kwa sababu wimbo ulipokwisha na betri zilikata pumzi.

Wewe ni mwalimu wa kwaya. Nikosoe bila huruma: gitaa, sauti, mwendo. Ila Mama asisikie. Neno lake, kwamba nisikanyage mlango wake bila Dominiko, nimelishika miaka kumi na minane. Nataka kwanza nijue kama wimbo unafaa masikioni mwa mtu. Ukifaa, pengine utaniombea nafasi nije kumwona kabla mmoja wetu hajatangulia.

Kaka yako,
Ansgar


Runzewe
29 Machi 1983

Kaka Ansgar, shikamoo.

Sisi hatujambo. Athanas homa imemwachia, mihogo ipo, sabuni ndiyo imekuwa bibi harusi, tunaisikia inakuja na hatuioni. Macho ya Mama yamefunga kabisa. Mchana na usiku kwake ni kitu kimoja.

Umesema nisikuhurumie, haya. Gitaa ni zuri. Ile chupa inalia mpaka mwili unanisisimka. Ila mwendo, Kaka! Unaanza kama mtu anayetoka misa, unamaliza kama mtu anayewahi basi. Na sauti yako katika ubeti wa kwanza ni ya mwalimu anayeita majina ya watoro. Ubeti wa pili inalegea, inapata utamu. Ubeti wa tatu si wewe.

Sijui niandikeje jambo hili. Nilisubiri Mama aende kwa jirani yetu Scolastika, nikawasha. Mwisho ulipokaribia nikasikia fimbo yake. Alikuwa amesimama mlangoni, kashika mwimo.

"Dominiko," akasema. Hakuuliza.

Nikamwambia, "Mama, hiyo ni redio."

"Yaliyokufa ni macho. Masikio yangu hayajafa. Mwache mwenzio aimbe."

Kaka, mimi nilicheza ngoma na Dominiko, nilikula naye sahani moja. Ni yeye. Ni ile sauti ya kijana wa miaka ishirini na sita, na namna yake ya kuvuta pumzi puani kabla ya neno "njia". Kesho yake nilibeba redio mpaka kanisani nikailinganisha na kinanda. Umeanza kwenye re, umemaliza karibu na fa. Hakuna mwimbaji anayepanda kiasi hicho bila kujua, na gitaa limepanda naye. Ulikaza nyuzi? Ulikuwa na mtu chumbani?

Nijibu upesi. Tangu siku hiyo Mama hataki mlango utiwe komeo.

Mdogo wako,
Mektilda


Ngokolo, Shinyanga
14 Aprili 1983

Mdogo wangu Mektilda,

Nashukuru homa imempita Athanas. Mimi sijalala vizuri tangu nisome barua yako, lakini chakula kinapita.

Chumbani nilikuwa peke yangu, na nyuzi sikuzigusa. Nimemwendea fundi redio wa hapa, Kalisti, naye amenieleza jambo ambalo nilipaswa kulijua. Betri zangu zilikuwa zinakufa huku ninarekodi. Kadiri zilivyochoka, ndivyo kanda ilivyozunguka polepole. Wewe umeicheza kwa betri zenye nguvu, inazunguka kwa mwendo wake wa kawaida, basi sauti iliyonaswa polepole inatoka kwa haraka na kwa wembamba. Ndiyo maana ninaanza mzee na kumaliza kijana. Sisi ni watoto wa tumbo moja. Ukiiondolea sauti yangu uzee, pengine inayobaki ni yake.

Jaribu: tafuta betri zilizochoka, cheza ubeti wa tatu, utanisikia mimi. Kisha umweleze Mama taratibu, usimwache na tumaini ambalo limetokana na betri.

Kuhusu kuvuta pumzi puani, sina maelezo. Sijui kama mimi hufanya hivyo.

Kaka yako,
Ansgar


Runzewe
10 Mei 1983

Kaka, shikamoo.

Tu wazima, ila uchovu. Nyumba yetu haikosi wageni siku hizi.

Nimefanya ulivyosema. Mawe ya tochi ya Athanas yamechoka sana, nikayatia kwenye redio, Mama kakaa pembeni. Sauti ikashuka, ikakwaruza, ikawa wewe mtupu. Moyo wangu ukatulia. Mama akasema, "Huyo ni Ansgar. Nimemsikia. Sasa mrudishe mwenzake."

Nikamweleza yote, mawe kuchoka, kanda kuzunguka. Akanisikiliza mpaka mwisho kama anavyomsikiliza padri, kisha akacheka. "Nani kakuambia mawe hayakutumwa?"

Wanawake wa jumuiya wamekuja kusikiliza. Mektilda mimi nimegeuka mwenye sinema! Wengine wanalia, wengine wanashika rozari. Mzee Makoye, kaka wa marehemu Baba, alisikiliza mara moja akaondoka bila kuaga. Kila jioni Mama anapakua ugali wa mtu mmoja zaidi na kuuacha mezani. Anamtaja kama mtu aliyetoka kuoga.

Na amenituma nikuandikie neno hili, nami nalileta kama alivyolisema: "Nilimwambia Ansgar asije bila yeye. Amemleta. Mwambie aje."

Ndivyo, Kaka. Mlango uko wazi. Lakini ukiingia atakushika mkono, kisha atanyoosha mkono mwingine nyuma yako kumtafuta wa pili. Mimi nitakuwa nimesimama pale. Unataka nimwambie nini?

Mdogo wako,
Mektilda


Ngokolo, Shinyanga
2 Juni 1983

Mdogo wangu Mektilda,

Nakuombea afya na subira, zote mbili utazihitaji. Barua hii msomee Mama yote. Ukifika mahali ukashindwa, pumzika, kisha endelea.

Mama, shikamoo. Ni mimi Ansgar. Ningeweza kuja kwa mlango huo ulioufungua. Nilifunga hata mzigo, ukakaa siku nne karibu na kitanda. Nimeufungua. Sauti uliyoisikia ni yangu. Na si mara ya kwanza kukupa sauti isiyokuwepo.

Siku ile Dominiko alikuwa chini, mimi juu kwenye kamba. Udongo ulishuka mara moja, kama mtu anayekaa. Kamba ikalegea mikononi mwangu. Nililala kifudifudi, sikio mdomoni mwa shimo, tangu asubuhi mpaka jua la utosi. Mama, hakuita. Hapakuwa na sauti hata moja. Wenzetu walianza kukusanya zana zao waondoke, ndipo nikapiga kelele, "Anaita! Namsikia!" Wakachimba siku tatu kwa ajili ya uongo huo, na hawakumpata. Nilidhani uongo wenyewe ungeishia pale shimoni. Nilipofika nyumbani ukaniuliza, "Alisemaje?" Ningeweza kusema kweli. Nikasema, "Alikuita wewe."

Ukasema anayeita hazikwi. Ukakataa matanga, ukakataa kunyoa nywele, ukanifukuza kwa kumwacha mtu hai. Ulikuwa na haki ya kunifukuza, ila sababu uliyokuwa nayo haikuwa ya kweli. Miaka yote hiyo ulimsubiri mtu kwa sababu yangu.

Sasa mnajua. Kanda mnaweza kuichoma. Sitaomba tena kuja.

Mwanao, na kaka yako,
Ansgar


Runzewe
11 Julai 1983

Kaka, shikamoo.

Samahani kwa kuchelewa. Si ugonjwa.

Nilimsomea Mama uani, anachambua choroko kwa vidole. Nilishindwa mara mbili, nikaendelea. Nilipomaliza aliendelea na kazi yake. Alichambua mpaka choroko zikaisha, akazimwaga, akaanza upya. Siku tisa hakumtaja yeyote. Ugali wa ziada aliacha kupakua. Nilifikiri tunampoteza.

Siku ya kumi akasema, "Kwa hiyo hakuniita."

"Hakuita, Mama."

"Basi ni yeye ambaye hajaitwa. Kalala mle miaka kumi na minane, kila mtu anangoja aite yeye. Ansgar aende amwite."

Akatuma aitwe Mzee Makoye, naye akaeleza desturi ya ukoo kwa asiyekuwa na mwili. Aliyekuwa naye mwisho anakwenda mahali penyewe, anamtaja jina mara tatu, anachukua udongo wa mahali pale kwenye nguo safi. Kisha anarudi kwa miguu, mzigo huo haupandi gari. Njiani hasemi na mtu mpaka afike mlangoni kwa mama, hapo ndipo anataja jina la aliyemleta. Udongo huo unazikwa. Kaburi tumeshachimba, nyuma ya migomba, na Padri amekubali kulibariki.

Nakurudishia kanda. Mama anasema uicheze pale shimoni baada ya kumwita. "Aliachana na Ansgar kijana," anasema. "Sauti ya huyu mzee hataijua." Mawe mapya amenipa Padri. Kitenge ni cha Mama, kakifua mwenyewe.

Hajasema kwamba amekusamehe. Nilimuuliza. Akajibu, "Aje kwanza."

Mdogo wako,
Mektilda


Njiani kutoka Kharumwa
6 Agosti 1983

Mdogo wangu Mektilda,

Ninakuandikia kwa sababu siruhusiwi kusema. Sijambo. Goti limevimba lakini linabeba. Bujiku amenikuta hapa kwenye kibanda cha chai, nitampa barua hii ikutangulie. Alinishangaa sikumjibu salamu. Nimemwonyesha kile kitenge, akavua kofia.

Nilifika shimoni jana saa tatu asubuhi. Miti imeota mdomoni, lakini jiwe tulilofungia kamba bado lipo, na alama ya kamba ipo. Nilimwita mara tatu. Kimya, kama siku ile. Nikawasha kanda. Ubeti wa tatu ulipofika nilijisikia, mara ya kwanza, na mliyoyasema ni kweli. Wimbo ulipokwisha nilibonyeza kitufe cha kusimamisha, nikatazama magurudumu ya kanda mpaka yakasimama.

Kilichofuata baada ya hapo sitakiandika. Nimewahi kusema nilisikia sauti kwenye shimo lile, na nyote mnajua ilichofanya. Sitasema tena mbele ya Mama kwamba nimesikia au sikusikia. Nitaandika tu yale niliyoyaona watu wengine wakiyafanya, nawe uyapime.

Jana jioni mchungaji mmoja wa ng'ombe tulipishana naye kwenye kijia chembamba. Alikaa pembeni nikapita. Hakurudi njiani mara moja. Alingoja kidogo, akaitikia "marahaba", ndipo akaendelea. Mimi sikuwa nimemwamkia.

Leo huyu mama muuza chai, anaitwa Mageni, ameweka vikombe viwili. Nilimwonyesha kidole kimoja. Akacheka akasema, "Baba, usimbanie kijana wako, ametembea kama wewe. Yeye naye bila maziwa?" Sikuweza kumsahihisha. Nilitazama benchi, nikatazama udongo uliofungwa kitenge magotini mwangu. Dominiko alipenda maziwa, unakumbuka. Nikatikisa kichwa, akamimina maziwa.

Changu nimekimaliza. Cha pili sijakigusa, wala sijakitazama tangu nianze kuandika.

Kesho kabla ya saa sita tutakuwa mlangoni. Mwambie Mama nitagonga, kisha nitataja jina, kama Mzee Makoye alivyoagiza. Likitajwa jina kabla sijagonga, si mimi niliyelitaja; asifungue mlango kwanza. Aulize maswali. Wewe simama karibu naye, umsikilize vizuri anayejibu.

Kaka yako,
Ansgar