Mjomba, Sitakuomba Radhi kwa Ajili ya Netiboli

Kwako Mjomba wangu uliyetangulia,

Jana tumekusomea hitima ya arobaini. Watu walipokwisha kula, Bibi Somoe, mzee wa ukoo wetu, alinishika mkono akanipeleka nyuma ya nyumba. Akaniambia niende kaburini kwako nikaombe radhi, kisha niachane na filimbi yangu, maana mwanamke aliyekosana na mjomba wake hafiki mbali. Nilimsikiliza kwa adabu mpaka akamaliza. Kaburini sikwenda. Nakuandikia badala yake, kwa kuwa ulipokuwa hai hukuwahi kuniachia nafasi nikaongea mpaka mwisho.

Unakumbuka mwaka ule nilipomaliza darasa la saba? Ulikuwa umeniombea kibarua kwenye kituo cha serikali cha Naliendele, cha kumwagilia miche ya mikorosho, ukawa unajisifu kwa majirani kwamba mpwa wako atafanya kazi ya serikali. Kabla sijaenda, Mwalimu Neema, yule mgeni kutoka Moshi aliyewafundisha netiboli wasichana wa kijiji, akahamishiwa mjini. Akaniomba nishike timu yake mpaka mashindano ya wilaya yapite.

"Jaribu," aliniambia. "Ukiona haikufai, mikorosho haikimbii."

Nilikueleza wakati wa kula. Ulitafuna taratibu, ukasema kazi ni ile inayotoa jasho na chakula. Kurukaruka na watoto ni kuchelewa kukua. Hukunikataza waziwazi. Ulidhani nitachoka mwenyewe.

Na kidogo nichoke kweli. Wasichana walikuja wakitoka shamba la kijiji, migongo inawauma, nami nikawakimbiza na kuwafokea kama nilivyowaona makocha wa kiume wakifanya. Kesho yake uwanja ulikuwa mtupu. Nikawafuata nyumba kwa nyumba, nikawabembeleza. Tangu hapo tulianza kwa kukaa chini na kunywa uji aliopika mama, ndipo tukasimama. Tulikuwa na mpira mmoja, na goli letu lilikuwa pete ya pipa iliyofungwa kwenye nguzo ya mkoko. Kutupa niliwafundisha kama ulivyonifundisha wewe tulipokuwa tukifukuza ngedere kwa mawe kwenye muhogo: nguvu itoke mguuni, mkono uonyeshe njia tu. Nilikwambia hilo siku moja, nikidhani utafurahi. Ulichukua jembe lako ukaondoka.

Halafu Zainabu, mfungaji wetu, akatoka unyagoni. Baba yake akamzuia kucheza, na kwenye mkutano wa kijiji wewe ndiye uliyesimama kumuunga mkono. Ulisema nawaharibu wasichana, kwamba mwali aliyekwisha kuchezwa unyago hachezi tena na watoto. Watu wakaitikia. Nikasimama na mimi.

"Mjomba," nilisema, "kijiji hiki kilimpa Zainabu jembe bila kuuliza kama amechezwa. Basi kimpe na mpira."

Mwenyekiti akakohoa, akasema aachwe acheze mpaka mashindano yaishe. Wewe ulisubiri watu watawanyike, ukanisogelea.

"Umenivua nguo mbele za watu. Radhi yangu usiitegemee."

Tangu siku ile hukugusa chakula nilichopika.

Na tukashindwa, Mjomba. Pale Chuno mjini, kwenye mashindano ya wilaya, mabinti wa wafanyakazi wa bandari, wenye raba miguuni, walitufunga mpaka watazamaji wakaanza kutuonea huruma. Uliposikia ulicheka, ukaniuliza kama sasa nitakwenda Naliendele. Hukujua yaliyotokea kwenye lori wakati wa kurudi. Nilitegemea kilio. Zainabu, goti limechubuka, akaniuliza kwa nini mlinzi wao alikuwa anaufikia mpira kabla yake, na wenzake wakasogea kusikiliza. Tulibishana njia nzima, tukionyeshana kwa mikono. Niliposhuka nilikuwa naijua kazi yangu. Kibarua nilikiacha, na jioni iliyofuata nikapuliza filimbi.

Shule ilinichukua baadaye, kwanza nikiwa msaidizi, kisha mwalimu wa michezo. Wewe hukuja kutazama hata mchezo mmoja, ingawa kila ulipotoka msikitini uliupita uwanja wetu. Hilo liliniuma, na hata leo linaniuma. Baba alipotukimbia ulinilea wewe. Viatu vyangu vya kwanza ulinivisha wewe, ukiwa umepiga goti. Ningependa ungeona. Lakini kukupenda hakunilazimishi kukiri kosa nisilolitenda.

Nitakuombea dua. Kaburi lako nitalipalilia, na dada yako nitamtunza mpaka mwisho wake, kama ulivyoniusia. Radhi ya kufundisha netiboli sitaiomba, si kwako, si kwa Bibi Somoe, si kwa yeyote atakayenipeleka nyuma ya nyumba.

Leo jioni mjukuu wako Hadija amekuja uwanjani, kanga kaifunga kiunoni. Baba yake amemkataza, na amemkataza kwa jina lako. Nikamuuliza kama anajua anachokifanya. Akasema anajua. Nimempanga acheze mbele.

Lala pema, Mjomba.

Mpwa wako,
mtoto wa dada yako